Taamuli inavyolegeza mpaka wa 'mimi' na 'wao'

MSAFIRI anayetoka mjini Kisii kuelekea Sotik hupita katika mji wa Keroka bila kutambua kwamba amevuka mpaka. Barabara ni ile ile, lugha ni ile ile ya Ekegusii, na ndizi zinazouzwa upande huu hazina tofauti na zile za upande wa pili. Hata hivyo, kwa mujibu wa ramani, sehemu moja ya mji huo imo katika Kaunti ya Kisii na nyingine imo katika Kaunti ya Nyamira.

Mpaka huo si jambo la mzaha. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, pande hizo mbili zimezozania soko la Keroka na haki ya kukusanya ushuru wake. Ilhali kabla ya miaka ya 1980, Nyamira ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Kisii, mzozo wa aina hiyo usingaliweza kuwapo. Udongo haukubadilika. Kilichobadilika ni mstari.

Walimu wa taamuli wanasema kwamba jambo kama hilo hutendeka ndani ya kila mmoja wetu. Akili huchora mstari, upande mmoja ikauita 'mimi' na 'changu', na upande wa pili ikauita 'wao' na 'chao'. Kisha mtu hukesha akiutetea mstari huo, akisahau kabisa kwamba ulichorwa.

Mafunzo ya kuulegeza mstari huo yana historia ya zaidi ya miaka 2,000, na katika miongo ya karibuni yameingia hospitalini, shuleni na katika maabara za wanasayansi. Yanahusu nini hasa? Je, yana faida yoyote kwa mtu wa kawaida, au ni anasa ya matajiri wa ng'ambo? Na je, anayeachilia 'umimi' wake hawezi kudhulumiwa na wasioachilia wao?

Maana ya taamuli ya uzingativu

Neno taamuli lina maana ya kutafakari kwa kina. Taamuli ya uzingativu ni aina moja mahususi: mtu huelekeza fikra zake kwa makusudi katika yale yanayotokea wakati huu huu, mwilini na akilini mwake, bila kuharakisha kuyahukumu kuwa mema au mabaya.

Wengi hudhani kwamba mwenye kutaamali hutakiwa kuifuta akili ibaki tupu. Sivyo. Akili haifutiki, kama vile soko halinyamazi kwa kuamriwa. Kinachofanyika ni kwamba mtu anaketi kando na kulitazama soko hilo, badala ya kubebwa na kila mchuuzi anayepaza sauti.

Aidha, taamuli hii si kupandisha pepo wala si kupoteza fahamu. Anayeifanya yu macho, anasikia, na anaweza kuinuka wakati wowote.

Chimbuko lake ni mafundisho ya Buddha, aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Aliwaelekeza wanafunzi wake kuzingatia mambo manne: mwili, hisia za raha na karaha, hali za akili kama vile hasira au utulivu, na mambo yanayoibuka na kutoweka akilini. Lengo lake halikuwa utulivu pekee. Alitaka mtu ajionee mwenyewe kwamba katika hayo yote hamna kitu kimoja cha kudumu kinachoweza kuitwa 'mimi niliyejitenga na vyote'.

Dharau sokoni

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndizi katika soko la Keroka. Mteja anaushika mkungu, anausukuma kando na kusema kwa kejeli kwamba ndizi hizo zinafaa kulishwa ng'ombe. Kisha anakwenda zake.

Kwa yule mama, jambo hilo huonekana kuwa moja: ametukanwa. Lakini akichunguza, atagundua kwamba ni mambo matatu yaliyofuatana kwa kasi. La kwanza limo mwilini: uso umepata joto, moyo unadunda, koo limekauka. La pili ni mfululizo wa maneno ya ndani: huyu ananionaje, anajiona nani, ningalimjibu hivi na vile. La tatu ni dai lililojificha nyuma ya hayo mawili, yaani kwamba yupo 'mimi' fulani aliyejeruhiwa na ambaye lazima alipiziwe.

Mambo mawili ya kwanza hayadumu. Joto la uso hupungua baada ya muda mfupi, na maneno ya ndani huja na kupita. Ni lile dai la tatu linaloyapa uhai mpya kila yanapotaka kufifia. Ndiyo maana mteja amekwisha kununua ndizi kwingine na kusahau, lakini aliyeachwa anaubeba ugomvi hadi jioni, anaufikisha nyumbani, na pengine watoto ndio wanaolipia.

Mwenye mazoezi ya uzingativu hukutana na dharau ile ile na joto lile lile. Tofauti ni kwamba analitambua joto kuwa joto, na wazo kuwa wazo. Anauona 'umimi' ukijijenga, na kwa kuuona ukijijenga, haulazimiki kuwa bwana wake. Anaweza kumjibu mteja, kumpuuza au hata kucheka. Bei ya ndizi haijashuka, na heshima yake haijapungua. Kilichopungua ni mzigo.

'Mimi' ni nani?

Hoja ya Wabuddha ni rahisi kuieleza ijapokuwa si rahisi kuikubali. Wanasema kwamba kile tunachokiita mtu ni mkusanyiko wa mambo matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia, na ufahamu. Kila moja hubadilika. Mwili wa leo si ule wa utotoni. Hasira ya asubuhi haipo adhuhuri. Ukiyaondoa yote matano na kutafuta mwenyewe aliyebaki, humpati.

Maandiko yao ya kale yanatoa mfano wa kinanda cha nyuzi, na Mgusii ataelewa upesi akiufikiria obokano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito. Sauti ya obokano ni ya kweli na huwatoa watu machozi. Lakini ukiupasua ubao wake, ukaichana ngozi na kuzikata nyuzi, hutaipata sauti imejificha mahali. Sauti hutokea ubao, ngozi, nyuzi na mkono wa mpigaji vinapokutana. Vivyo hivyo, 'mimi' si uongo mtupu. Ni tukio linalotokana na kukutana kwa mambo mengi, wala si kito kilichofungiwa ndani ya sanduku.

Fikira hii haikukaa Asia pekee. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika mwaka wa 1739 kwamba kila alipojichunguza alikuta joto, baridi, upendo au chuki, lakini kamwe hakumkuta 'mwenyewe' akiwa peke yake bila hisia hizo.

Katika fasihi yetu pia, mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliutungia moyo wake mwenyewe utenzi wa Al-Inkishafi, akiuonya usidanganywe na fahari ya dunia. Itikadi yake ni ya Kiislamu na si ya Kibuddha, lakini zoezi la mtu kurudi nyuma hatua moja na kuutazama moyo wake si geni kwa Waswahili.

Mganda aliyeleta mafunzo nyumbani

Afrika Mashariki si mgeni kamili wa mafunzo hayo. Dar es Salaam ina hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon, mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Kenya kumefanyika kozi za siku 10 za ukimya zinazofuata mtindo wa S. N. Goenka, mwalimu aliyezaliwa Burma mwaka wa 1924 na kufariki mwaka wa 2013. Kozi hizo hazitozwi ada. Anayemaliza hutoa mchango akipenda.

Lakini kisa kinachogusa zaidi ni cha Mganda Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa mwaka wa 1966 na kulelewa Mkatoliki. Alikutana na Ubuddha mwaka wa 1990 akiwa India. Mwaka wa 2002 alipewa utawa huko California, Marekani, na mwaka wa 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha nchini Uganda, huko Garuga karibu na Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Humo ameeleza jinsi vazi lake na bakuli lake la kitawa vilivyowashangaza Waafrika wenzake. Ni kisa kinachoonyesha kizingiti cha kwanza cha mafunzo haya katika eneo letu: hofu kwamba ni dini ngeni, au hata uchawi.

Hofu hiyo haistahili kupuuzwa katika Gusii, ambako Wakatoliki na Waadventista Wasabato wamekuwa na misheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1910. Jambo la kufahamika ni kwamba zoezi lenyewe, yaani kuketi na kuzingatia pumzi, halimlazimishi mtu kukubali itikadi yoyote. Mkristo anaweza kulifanya kabla ya sala, na Zaburi ya 46 yenyewe inawaita waumini watulie. Fundisho kwamba hakuna nafsi ya kudumu ni suala jingine, na hapo kila muumini ana haki ya kulipima kwa mujibu wa dini yake.

Sayansi yasemaje?

Uzingativu uliingia hospitalini mwaka wa 1979, pale Jon Kabat-Zinn alipoanzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa waliosumbuliwa na maumivu sugu na msongo wa mawazo. Alitenga zoezi na ibada, na mpango wake ukaigwa katika nchi nyingi.

Mwaka wa 2001, mtaalamu wa ubongo Marcus Raichle na wenzake walieleza kuhusu mtandao wa sehemu za ubongo unaofanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana shughuli maalumu. Mtandao huo huhusika sana mtu anapojifikiria: yaliyompata jana, yatakayompata kesho, na vile wengine wanavyomwona. Kwa maneno mengine, ndiyo karakana ya 'umimi'.

Mwaka wa 2011, Judson Brewer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kwa watu wenye uzoefu mkubwa wa taamuli, sehemu kuu za mtandao huo zilitulia zaidi walipotaamali kuliko kwa wasio na uzoefu.

Kwa nini utulivu huo uwe na faida? Mwaka wa 2010, watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao, nyakati mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini na wakifikiria nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili zilikuwa zimetangatanga mbali na kazi iliyokuwa mkononi, na watu hao kwa kawaida walikuwa na furaha kidogo kuliko wale ambao akili zao zilikuwa pale walipo.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2022 na kuwahusisha watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi, wiki nane za mafunzo ya uzingativu hazikupitwa na dawa ya escitalopram katika kupunguza wasiwasi huo.

Hata hivyo, si kila jaribio limefaulu. Mwaka huo huo wa 2022, utafiti mkubwa nchini Uingereza uliohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 wa umri wa miaka 11 hadi 14 haukuona kwamba masomo ya uzingativu shuleni yaliwafaa zaidi ya masomo ya kawaida. Anayesema kwamba taamuli hutibu kila kitu, basi, anauza maneno.

'Mtu ni watu' si jambo lile lile

Msomaji anaweza kuuliza: kwani Mwafrika anahitaji kufundishwa kwamba hakujitenga na wenzake? Wahenga walikwisha kunena kwamba mtu ni watu. Mwanazuoni John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki mwaka wa 2019, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kwamba kwa Mwafrika wa jadi, mtu hupata utu wake ndani ya jamii.

Hoja hiyo ina uzito, lakini mambo hayo mawili hayalingani. Mtu anaweza kuuvuka 'umimi' wake na kuishia katika 'usisi', yaani ukoo wetu dhidi ya ukoo wao, kaunti yetu dhidi ya kaunti yao. Mstari haukufutwa, umesogezwa mbele kidogo tu, na sasa unalindwa na watu wengi zaidi.

Gusii imeonja uchungu wa mstari wa aina hiyo. Mnamo Mei 2008, wazee 11 walioshukiwa kuwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto. Mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma kama hizo. Waliouawa walikuwa majirani. Ilitosha hofu kuwahamisha kutoka upande wa 'sisi' hadi upande wa 'wao'.

Ni ndoto kudai kwamba taamuli ingaliyazuia mauaji hayo. Hilo ni jukumu la sheria, elimu na viongozi. Lakini anayejifunza kulitambua wazo kuwa ni wazo tu, hata linapokuja na hofu kubwa, amejifunza kutolichukua kila fununu kama ushahidi.

Ardhi, haki na hatari ya maneno matamu

Katika sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, wastani wa zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na 605,576. Mahali ambapo shamba limegawanywa kutoka babu hadi mjukuu, mtaro mmoja wa mpaka unaweza kuwatenga ndugu wa tumbo moja maisha yao yote.

Hapa ndipo mafunzo ya kuachilia nafsi yanapoweza kutumiwa vibaya. Mjane anayefukuzwa katika shamba la marehemu mumewe asiambiwe kwamba 'changu' ni dhana tu. Anayelipwa ujira mdogo asiambiwe avute pumzi na kunyamaza. Mara nyingi wanaohubiriwa kuachilia ni wale wasio na kitu, na wanaohubiri ni wale walioshiba.

Ukweli ni kwamba kuufahamu mpaka kuwa umechorwa si kuufuta. Keroka inahitaji kujua ni kaunti gani itakayozoa taka na kuwasha taa za barabarani, na bila mstari hakuna wa kuulizwa. Vivyo hivyo, mtu anahitaji jina, hati ya shamba na kauli yake mwenyewe. Mjane mwenye utulivu anaweza kwenda kwa wakili, kwa chifu na mahakamani. Tofauti ni kwamba anadai haki yake bila chuki kumla usiku, na siku kesi itakapokwisha, nayo vita vya moyoni vitakwisha.

Jinsi ya kuanza

Anayetaka kujaribu hahitaji vifaa. Atafute mahali penye utulivu kiasi, aketi kwenye kiti au mkeka, mgongo wima bila kukakamaa. Afumbe macho au ayainamishe.

Kwanza, aihisi pumzi inapoingia na kutoka, puani au tumboni, bila kuilazimisha. Pili, akili itakapotoroka, na bila shaka itatoroka, atambue kimyakimya ilikokwenda: 'kuwaza', 'kukumbuka', 'kukasirika'. Tatu, airudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Anayerudi mara 50 amefanya zoezi mara 50.

Baada ya wiki kadhaa za dakika 10 kila siku, anaweza kuongeza swali moja linapotokea wazo lenye uchungu: wazo hili linamhusu nani, naye yuko wapi sasa hivi? Asilijibu kwa maneno. Atazame tu. Wengi huona kwamba kuna pumzi, kuna sauti ya kuku nje, kuna kubanwa kifuani, na kwamba 'mimi' ni wazo jingine lililokuja kuketi katikati yao.

Tahadhari

Taamuli haimfai kila mtu kwa kipimo kile kile. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walichapisha mahojiano na watu 60 wenye uzoefu wa taamuli, ambao baadhi yao walieleza kuhusu hofu kali, kukosa usingizi au kuhisi kwamba wao wenyewe hawapo, kwa namna iliyowatisha badala ya kuwapa utulivu. Aliyepitia dhuluma au msiba mzito, au anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, asijifungie peke yake kwa siku nyingi za ukimya kabla ya kumwona daktari.

Anayesumbuliwa na mawazo ya kujitoa uhai anahitaji hospitali na watu wa karibu, si mkeka wa taamuli. Asiogope kusema: mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kilikiuka Katiba.

Kwa waliobaki, kipimo cha mafanikio si maono wala ndoto za ajabu. Kipimo kimo nyumbani na kazini: je, ugomvi unakwisha mapema kuliko zamani? Je, mtu anaweza kumsikiliza jirani hadi mwisho kabla ya kujibu? Je, anaweza kukosolewa bila kulala na kinyongo? Hasira hasara, walisema wahenga, na mwenye kuiona ikija ana nafasi ya kuamua kama atailipia au la.